Kanda za joto na baridi kwenye karavani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Karavani, yaani nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, hapa Kanda ya Kati si nyingi, ila zilizopo hazikai bure. Ziko za kampuni za utalii zinazopita njia ya Iringa, Dodoma na Babati, za wasimamizi wa ujenzi wanaolala saiti, kliniki tembezi, waonyeshaji wa Nanenane pale Nzuguni, na familia chache zinazopenda kwenda kulala Mtera au Kolo badala ya gesti. Wote wanauliza yale yale. Majibu yanaanzia mambo ya msingi. Mwenye tatizo la ajabu ashuke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Kanda ni nini hasa?

Ni sehemu ya karavani yenye vitu vitatu vya kwake: mashine inayoleta joto au baridi, njia ya hewa inayofika sehemu hiyo, na kipimajoto kinachoiamuru mashine iwake au izime. Kikikosekana kimoja, hiyo si kanda kamili hata kama skrini ya ukutani inasema ni kanda. Ukikwama na swali lolote hapa chini, anza kwa kujiuliza kipi kati ya hivyo vitatu hakipo, au kipo lakini hakifanyi kazi.

Karavani fupi za mita tano au sita huwa na kanda moja. Zile ndefu, hasa zenye chumba cha kulala chenye mlango wake, ndizo unazokuta kiyoyozi kimoja juu ya sebule na kingine juu ya chumba.

2. Nitajuaje yangu ina kanda ngapi?

Hesabu viyoyozi juu ya paa, kisha hesabu vipimajoto ndani. Kimoja huwa ndani ya themostati yenyewe, ile skrini ya ukutani unakoweka nyuzi. Cha pili, kama kipo, ni kidude kidogo kilichobandikwa ukutani chumbani, ambacho wengi hudhani ni kifuniko cha waya. Viyoyozi viwili vyenye kipimajoto kimoja ni kanda moja yenye mashine mbili.

Usipokiona, fanya jaribio: weka chumbani nyuzi 18 na sebuleni 30, subiri dakika kumi. Kikiwaka cha chumbani peke yake, kanda ni mbili kweli. Usikate tamaa dakika ya kwanza, kwa sababu themostati nyingi huchelewesha kompresa (pampu ya gesi ya kupozea) dakika mbili tatu kwa makusudi ili isiumie.

3. Mbona themostati ina kanda mbili za baridi lakini joto linakubali kanda moja tu?

Kwa sababu hita ni moja. Karavani nyingi zina viyoyozi viwili na hita moja ya gesi iliyofichwa chini ya kabati, ikisukuma hewa ya moto kwenye mabomba ya sakafuni kwenda vyumba vyote. Hita hiyo imefungwa kwenye kanda ya kwanza, kwa kawaida sebule. Chumbani ukibonyeza kitufe cha joto hakuna kinachotokea, na themostati haijaharibika.

Njia ya kupata joto la chumbani peke yake iko kwenye swali la 14.

4. Nikifunga matundu ya hewa ya chumbani, si nimetengeneza kanda?

Hapana. Umepunguza hewa tu. Mashine bado inamsikiliza kipimajoto wa sebuleni. Kwenye kiyoyozi cha dari unaweza kufunga tundu moja au mawili bila madhara. Kwenye hita ya gesi kuwa mwangalifu zaidi: ukifunga matundu mengi, joto linarundikana ndani ya hita, swichi yake ya usalama inakata moto, inapoa, inawaka, inakata tena. Mtu huyo huyo ndiye anayekuja kulalamika kwamba hita ni mbovu.

5. Niweke nyuzi ngapi?

Mchana 25 au 26. Usiku 18 hadi 20 kwa hita. Kuweka 16 hakuharakishi baridi hata kidogo, kwa kuwa kiyoyozi cha karavani kwa kawaida kina kasi moja ya kupoza. Tofauti ni kwamba hakitazima.

Angalia pia themostati imepigiliwa wapi. Nimeona moja iko ukutani hatua moja kutoka kwenye jiko. Mama mwenye karavani akianza kusonga ugali wa mchana, kipimajoto kinapanda hadi 33, kiyoyozi kinaungurumia mvuke wa sufuria, na anayelala kitandani anavuta blanketi. Hapo dawa ni kuihamisha themostati, kazi ya fundi ya saa moja.

## Baridi ya mchana

6. Nimewasha AC tangu saa nne asubuhi, mbona saa tisa alasiri ndani bado 29?

Hili ndilo swali la Oktoba na Novemba, miezi ambayo Dodoma inagonga nyuzi 31 au zaidi kivulini. Sababu ni kadhaa na zinajumlishana.

Ya kwanza ni jua. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Oktoba jua la saa sita linasimama wima juu ya paa, na linarudia hivyo mapema Machi. Kuta za karavani ni nyembamba, sentimita chache za povu kati ya bati na mbao, na paa halina dari yenye nafasi kama la nyumba. Dirisha la mita moja ya mraba linalotazama magharibi saa kumi jioni linaingiza karibu nusu kilowati ya joto, pengine zaidi. Madirisha mawili ya hivyo yanakula robo ya kiyoyozi kizima.

Ya pili ni uwezo wa mashine. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) kinapoza kilowati 4 hivi kwenye karatasi. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya kumi, na feni ile ile inabeba joto pungufu kwa kiasi hicho.

Ya tatu ni kuchelewa. Saa nne kuta zimeshapata moto. Washa saa mbili, madirisha yakiwa yamefungwa na mapazia yameshushwa, ili mashine ilinde ubaridi wa usiku badala ya kuutafuta upya. Mwenye kanda mbili na umeme mdogo apoze sebule mchana, afunge mlango wa chumba, kisha aanze kupoza chumba saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kanda kwa hali yetu: kutopoza mahali pasipo na mtu.

Kabla ya kuita fundi, chukua kipimajoto cha kawaida. Pima hewa inayoingia kwenye chujio, kisha inayotoka kwenye tundu la karibu. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 ni mashine nzima inayofanya kazi yake, na tatizo ni jua au muda. Ukipata nyuzi 5, nenda swali la 7.

7. Chumbani kunaganda, sebuleni jasho, na kiyoyozi ni kimoja. Tatizo ni nini?

Mara nyingi hewa inaibiwa njiani. Fungua skrubu za kifuniko cha plastiki kwenye dari, chini ya kiyoyozi, ukishikilia kwa mkono mwingine maana kina chujio na huanguka. Juu yake utaona boksi la hewa lililogawanywa na kipande kimoja cha povu au bati: upande mmoja hewa baridi inashuka kwenda kwenye mabomba ya darini, upande mwingine hewa ya vuguvugu ya chumba inapanda kurudi kwenye mashine. Kile kipande ndicho roho ya mfumo mzima, na kiwandani hubandikwa kwa haraka.

Baada ya safari za barabara ya rafu, tepu inaachia. Weka kiganja kwenye pembe za kipande hicho mashine ikiwa inawaka. Ukihisi baridi inapenya, hewa iliyopozwa inavutwa tena juu kabla haijafika kwa mtu. Kompresa inaona hewa inayorudi tayari ni baridi, themostati inazunguka zunguka, na tundu la mbali linapumua kama mgonjwa. Zima umeme, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, ziba kila mwanya kwa tepu ya alumini, ile ya kung'aa ya mafundi friji. Tepu ya kitambaa haikai, joto la dari linayeyusha gundi yake. Chungulia pia mdomo wa kila bomba la hewa kwa tochi ya simu: pale linapokutana na boksi huwa pana pengo linalopuliza hewa ndani ya dari.

Kazi hii haihitaji gesi wala vipuri, na kwa maoni yangu ingefaa ifanywe kwenye kila karavani inayoingia nchini, iwe mpya au kuukuu.

8. Feni ya maji inatosha badala ya AC?

Kwa miezi ya kiangazi, ndiyo, na watu wanaipuuza bila sababu. Inapitisha hewa kwenye sponji lenye maji. Maji yanapokauka yanachukua joto. Alasiri ya Septemba Dodoma hewa ni kavu kiasi kwamba inapoza vizuri kwa umeme wa feni tu, hata wa betri. Masharti ni mawili: dirisha la upande wa pili liwe wazi ili hewa yenye unyevu itoke, na isiwashwe pamoja na kiyoyozi, kwa sababu kimoja kinaongeza unyevu ambao kingine kinatumia umeme kuutoa. Mvua zikianza Desemba, iweke kabatini.

9. Niegeshe karavani ikiangalia wapi?

Ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, ncha fupi mashariki na magharibi. Hapo jua la asubuhi na la jioni linapata eneo dogo. Kati ya Mei na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo turubai la kivuli likiwa upande huo linafaa. Upepo wetu mkali hutoka mashariki na kusini mashariki; tundu la moshi wa hita lisielekee huko. Mti ni mzuri, ila mbuyu wenye matunda si wa kuegesha chini yake.

10. Maji yanadondoka ndani. Gesi imevuja?

Gesi ya kiyoyozi haidondoki kama maji. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye mabomba ya baridi ya kiyoyozi, ambao unatakiwa kumwagika juu ya paa. Ukidondoka ndani, ama mfereji umezibwa na vumbi na majani, ama karavani imeegeshwa upande, ama chujio ni chafu na barafu imejijenga. Osha chujio. Ukitoka barabara ya vumbi, kwa mfano ile ya kupanda kwenye michoro ya miambani Kolo, lioshe siku hiyo hiyo bila kungoja mwisho wa mwezi.

## Joto la usiku

11. Hita Dodoma? Kweli?

Juni, Julai na Agosti, alfajiri ya nyuzi 13 au 14 ni kawaida, na karavani haitunzi joto kama nyumba ya tofali. Waonyeshaji wanaolala Nzuguni wiki ya Nanenane wanaijua baridi hiyo. Ukielekea Singida au Iringa, ambako ni juu zaidi, hita inakuwa ya lazima. Kilichoandikwa kwenye vitabu vya karavani kuhusu mabomba ya maji kuganda na kupasuka, hicho kiruke.

12. Hita inapuliza hewa baridi kidogo halafu inazima. Gesi ipo. Kuna nini?

Inafuata mpangilio, na imekwama katikati. Themostati inaomba joto. Feni inaanza kabla ya moto. Ndani kuna swichi yenye kibati chembamba kinachosukumwa na upepo wa feni. Kibati kikisogea vya kutosha, bodi ya umeme inayoongoza hita inafungua gesi na kupiga cheche. Baada ya kuzima, feni inaendelea muda kidogo kupoza chuma.

Kwa hiyo ukisikia feni bila mlio wa cheche, kibati hakijasogea. Kwetu wahusika wakuu ni watatu: vumbi na nywele zilizoshika kibati, betri dhaifu inayozungusha feni polepole, na matundu mengi yaliyofungwa (swali la 4). Ukisikia cheche bila moto, angalia hewa kwenye bomba la gesi kama umebadilisha mtungi karibuni, na nyigu. Nyigu wanapenda lile tundu la moshi ubavuni, wanajenga kiota cha udongo kiangazi kizima hita ikiwa imelala. Nunua wavu wa chuma uliotengenezwa kwa ajili ya hita yako, si wavu wa mbu wa plastiki.

13. Betri itafika asubuhi?

Hita ni ya gesi lakini feni yake inakula umeme wa betri, ampea 7 hadi 10. Ikiwaka nusu ya muda kwa saa kumi, kwa ampea 8 ni saa-ampea 40. Betri ya kawaida ya maji ya saa-ampea 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja unaimaliza kabisa ukiongeza taa na pampu ya maji. Weka mbili, au panga 16 badala ya 20 na utumie blanketi.

14. Nataka joto chumbani tu. Nifanyeje?

Kama kiyoyozi cha chumbani kina uwezo wa kugeuza kazi, yaani pampu ya joto, umemaliza: kinachukua joto la nje na kulileta ndani kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya. Mashine hizi hushindwa nje kukifika nyuzi 4 au 5, ndiyo maana kwenye nchi za theluji watu hawazitegemei. Dodoma haifiki huko. Kama ningenunua karavani leo kwa matumizi ya hapa, hicho ndicho kingekuwa kigezo changu cha kwanza, mbele ya ukubwa wa jokofu na televisheni.

Baadhi ya viyoyozi vina waya wa joto ndani badala yake, wati 1,500 hivi. Huo unaondoa ubaridi wa hewa, haupashi chumba. Na hita ndogo ya kuchomeka ukutani inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Iweke mbali na shuka na uizime unapolala.

Karavani kadhaa za Ulaya hutumia maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba ukutani, na baadhi zinaweza kugawanywa kwa kanda kwa kutumia vali. Ni tulivu na hazikaushi koo, ila fundi wake hapa hapatikani kirahisi.

15. Jiko la mkaa kidogo tu, dirisha likiwa wazi?

Hapana, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na karavani ina hewa kidogo mno. Watu hulala na hawaamki. Jenereta iliyowekwa chini ya dirisha ni hatari hiyo hiyo. Iwe mbali, tena upande ule ambao upepo unapeleka moshi kando na karavani.

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye usawa wa kitanda na kingine cha gesi ya kupikia karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Vina tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma; kikipita, badilisha hata kama bado kinalia ukikibonyeza.

## Umeme

16. Naweza kuwasha viyoyozi viwili kwa soketi ya nyumbani?

Soketi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13 kwa volti 230, yaani wati 2,990 hivi. Kiyoyozi kimoja cha BTU 13,500 kinatumia karibu 1,500 kikiwa kimetulia, na mara kadhaa ya hapo kwa sekunde ya kuwaka. Viwili vinafikisha 3,000 kabla hujaweka birika. Plagi inapata moto, plastiki inageuka rangi ya kahawia, na harufu ndiyo taarifa ya kwanza.

Dawa ni laini maalumu kutoka kwenye kisanduku cha umeme, breka yake na waya mnene usioviringishwa, ikifungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kwa hesabu ya LUKU: kompresa moja ikifanya kazi saa sita ni uniti 9.

17. Kanda ya pili inajizima yenyewe nikichemsha maji.

Karavani nyingine zina kifaa kinacholinda umeme: jumla ikizidi kiwango, kinakata kisicho cha lazima, na cha kwanza kukatwa huwa kiyoyozi cha chumbani. Maji yakichemka kinarudi. Hakijaharibika. Kama kinakata bila birika, pima volti: jioni umeme ukishuka, ampea zinapanda.

18. Jenereta ya ukubwa gani?

Kwa kiyoyozi kimoja, kilowati 3. Kwa viwili, 5 hadi 6. Jenereta nayo inakosa pumzi kwa mwinuko: kwa Dodoma toa moja ya kumi au zaidi kidogo ya kilichoandikwa. Kuna kifaa cha kulainisha mwanzo wa kompresa kinachopunguza ule mshtuko wa kuwaka. Ukikifunga, jenereta ndogo inaweza kubeba kiyoyozi kimoja. Mwenye kanda mbili aziwashe kwa kupishana dakika chache.

19. Na sola?

Feni, hita ya gesi, taa na feni ya maji, bila wasiwasi. Kiyoyozi ni hesabu nyingine: saa tano kwa wati 1,500 ni uniti 7.5, wakati betri moja ya lithiamu ya volti 12 na saa-ampea 100 ina uniti 1.28. Unahitaji sita, na paneli za kuzijaza ambazo paa lenye viyoyozi viwili halina nafasi nazo.

## Mambo yasiyo ya kawaida

20. Nimeletewa karavani kutoka Marekani. Transfoma inatosha?

Inatosha kwa nusu ya tatizo. Karavani za huko ni volti 120 na hetsi 60, yaani umeme unaozunguka mara 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230 na hetsi 50. Transfoma inashusha volti, haigusi hetsi. Mota ya kiyoyozi iliyotengenezwa kwa 60 inazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, inapoza kidogo na kupata joto zaidi. Nyingine huvumilia, nyingine huungua msimu wa kwanza. Saa ya maikrowevu nyingi itachelewa dakika kumi kila saa, hiyo ndiyo dalili ya bure.

Suluhisho la kudumu ni kubadilisha viyoyozi, viwekwe vya volti 230 na hetsi 50 kwenye tundu lile lile la paa. Themostati na nyaya zake za kanda ni umeme mdogo wa betri, lakini haziongei na kila kiyoyozi. Mara nyingi unabadilisha vyote pamoja. Karavani zinazotoka Afrika Kusini au Uingereza hazina shida hii, na mlango wao uko kushoto, upande wa njia ya waenda kwa miguu. Mlango wa karavani ya Marekani unafungukia kwenye magari.

21. Kanda ya pili imepotea kwenye skrini baada ya fundi kubadilisha bodi.

Kila bodi ya kiyoyozi ina swichi ndogo zinazoitambulisha ni kanda ya ngapi. Bodi mpya hutoka kiwandani ikiwa kanda ya kwanza. Sasa una mbili zenye jina moja, na themostati inaona moja. Linganisha swichi hizo na za bodi ya zamani, kisha anzisha upya themostati kama kitabu chake kinavyoelekeza ili ihesabu tena. Kama bodi ya zamani imeshatupwa, uliza jalalani kabla ya kununua nyingine.

22. Naweza kuongeza kanda kwa AC ya kawaida ya ukutani?

Kwa karavani iliyoegeshwa saiti miezi na miezi, ndiyo, na ni uamuzi mzuri: ya BTU 9,000 yenye inveta inatumia umeme kidogo, mafundi wapo kila mtaa, vipuri vipo. Kwa inayosafiri, mtikisiko unafungua maungio ya mabomba ya gesi. Haitaunganishwa na themostati ya zamani; inakuja na rimoti, na kipimajoto chake kiko ndani yake. Kwa maana ya swali la 1, ni kanda kamili.

23. Hita iliyotoka nje ya nchi inakubali mtungi wa gesi wa hapa?

Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na kwa baridi ya Dodoma inawaka vizuri. Kinachogomba ni kichwa cha mtungi na regyuleta. Tumia regyuleta ya presha ndogo inayolingana na maandishi kwenye kibati cha hita, ambayo huwa millibar 28 au 30. Ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe itaharibu vali. Mtungi wa kilo 15 ufungwe umesimama kwenye kisanduku chake nje, kamwe usiwe chini ya kitanda.

24. Mmoja anataka joto, mwingine baridi. Kanda zinaweza kufanya vyote kwa wakati mmoja?

Zikiwa na mashine mbili na mlango umefungwa, ndiyo: hita ya kanda ya kwanza na kiyoyozi cha kanda ya pili. Ila hita hiyo hiyo ina bomba linaloingia chumbani, kwa hiyo kiyoyozi kitakuwa kinapambana nayo. Funga tundu hilo moja la sakafuni, acha mengine wazi, na uwashe feni ya chumbani peke yake kwanza. Agosti usiku, dirisha lililofunguliwa vidole viwili linampa anayetaka baridi kila anachohitaji, bila uniti hata moja.